Msumeno wa Meza wa Kubebeka: Maswali Ambayo Mafundi wa Tanga Huniuliza Kila Siku

Nafanya useremala Ngamiani, kabati za jikoni na milango zaidi, na wiki haipiti bila mtu kusimama mlangoni mwa karakana na picha ya msumeno wa meza, ile mashine ya kupasulia mbao ambayo bledi inachomoza juu ya meza, kwenye simu: "Fundi, hii vipi?" Nimeyaweka hapa majibu ninayotoa ili nipunguze kurudia. Swali utakalolikosa, ujue sijaulizwa mara mbili.

Nauhitaji kweli, au niendelee kupasulisha kwa muuza mbao?

Kama kazi yako ni kenchi na fremu za kawaida, usinunue. Mbao za mbili kwa nne na mbili kwa sita unazipata zimeshapasuliwa, na palepale kwenye mbao kuna mashine kubwa ya fezi tatu inayopasua kwa malipo kidogo. Mashine ya kubebeka haitaishinda ile hata siku moja.

Inakuwa na maana pale unapotaka vipande vingi vinavyolingana. Mimi nilinunua ya kwanza baada ya kupasulisha fito arobaini za luva. Nilipofika nazo karakana nikapima: moja milimita 21, nyingine 23, nyingine nene huku na nyembamba kule. Nilikesha naziranda kwa mkono, na asubuhi mteja akawa ameshafika. Mtu wa droo, kabati, luva na paneli za milango ndiye anayeuhitaji. Na mtu wa saiti pia, yule anayefunga kabati nyumbani kwa mteja na kila kipande kinataka kupunguzwa milimita mbili tatu kwa sababu ukuta haukunyooka.

"Wa kubebeka" maana yake kilo ngapi?

Nyingi ziko kati ya kilo 20 na 35. Meza yake ni ya alumini, mota ni ya kaboni (vile vijiti vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota na kulika taratibu), na stendi ya kukunja huja nayo au huuzwa kando. Wa kilo 22 unaubeba peke yako hadi kwenye bajaji. Wa kilo 35 ni watu wawili, au stendi yenye magurudumu.

Kuhusu kuubeba kwa baiskeli, msiniulize tena. Najua mji wetu ni wa baiskeli, na nimeshaona kabati la milango miwili likisafiri kwenye keria kutoka Makorora hadi Chumbageni. Lakini meza ya alumini ikianguka mara moja kwenye lami inapinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, na kuanzia siku hiyo hutakata tena kitu kikawa sawa.

Bledi ya ukubwa gani?

Utakutana na za milimita 210, 216, na zile za 250 hadi 260. Ile wanayoiita ya inchi kumi ni milimita 254. Ukubwa wa bledi ndio unaoamua kina cha mkato. Bledi ya 210 inakata takriban milimita 65 ikiwa wima, ya 254 inafika kati ya 75 na 80. Makita MLT100, yenye bledi ya 260, inafika 93.

Sasa zingatia jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukiilaza bledi nyuzi 45, kina kinapungua sana. Ile ya 210 inabaki na takriban milimita 45, na ubao wa inchi mbili ambao haujarandwa una 50. Kwa hiyo mkato wa kona kwenye ubao huo hautaisha kwa mara moja. Anayefanya kabati za plaiwudi ya milimita 18 hilo halimhusu, achukue 210 na afurahie wepesi wake. Anayefanya fremu nene za mninga achukue 250 au zaidi.

Wati ngapi zinatosha?

Kati ya 1,500 na 2,000 ndiko mashine nyingi ziliko, na zote zinafanya kazi. Watu wanapenda kushindania wati kama wanavyoshindania timu za mpira. Mashine ya wati 1,500 yenye bledi kali inapasua mtiki wa inchi mbili vizuri kuliko ya wati 2,000 yenye bledi butu. Nimejaribu zote mbili siku moja, ubao mmoja. Ile ya 2,000 ndiyo iliyotoa moshi.

Kwa wenye hofu ya LUKU: mashine ya wati 1,800 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote saa nzima inakula yuniti 1.8. Lakini hakuna anayekata saa nzima mfululizo. Unakata sekunde ishirini, unazima, unapima, unapanga. Pasi ya nguo ya mama watoto inaweza kukumalizia umeme kuliko msumeno.

Nimepata ya mtumba ya volti 110, bei ya kutupa. Niichukue?

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine ya 110 au 120 ukiichomeka moja kwa moja itazunguka kwa kelele ambayo hutaisahau, kisha harufu, kisha basi. Najua kwa sababu niliwahi kuuziwa moja na mtu aliyekata plagi yake ya asili na kufunga ya kwetu ya pini tatu. Sikusoma kibandiko. Sekunde nne.

Inawezekana kutumia transfoma ya kushusha volti, ila iwe kubwa: kwa mashine ya wati 1,800 tafuta ya kVA 3, na hiyo peke yake inaweza kuwa na uzito kuliko msumeno wenyewe. Ukijumlisha bei ya transfoma, ile "bei ya kutupa" imeshakuacha. Kabla ya kutoa hela, geuza mashine, tafuta kibandiko cha chuma au karatasi karibu na mota, soma V na Hz. Kibandiko kikiwa kimekwanguliwa, rudisha mkono mfukoni.

Ekstensheni yangu ya kawaida ya nyumbani inafaa?

Ile nyeupe ya kuchaji simu, hapana. Mashine ya wati 1,800 inavuta takriban ampea 8. Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30 utapoteza kama volti 11 njiani, na zinazopotea zinageuka joto ndani ya waya. Waya wa 2.5 unapoteza kama volti 3 tu. Jioni umeme ukiwa umeshalegea mtaani kwako, volti hizo ndizo zinazofanya mota ingurume na bledi isimame katikati ya ubao.

Na kama ni ya kuviringisha kwenye gurudumu, ifungue yote hata kama unatumia mita tano. Iliyobaki imeviringishwa inapikika yenyewe.

Na jenereta?

Kwa mashine ya wati 1,800 hadi 2,000 usishuke chini ya kVA 3.5. Mota inapoanza inavuta umeme mwingi kuliko ilivyoandikwa. Ukipata mashine inayoanza polepole badala ya kuruka, jenereta yako itakushukuru, na pia jirani uliyemvutia waya.

Kitu gani niangalie kwanza dukani?

Fensi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa wakiwa macho.

Fensi ni ile reli ndefu iliyo sambamba na bledi, ambayo ubao unaegemea ukisukumwa. Mota, bledi, rangi, vyote vinabadilishika. Fensi mbovu ni mashine mbovu. Ikiwa nyuma imekaribiana na bledi kuliko mbele, ubao unabanwa kati ya fensi na meno, na hapo ndipo ajali zinapoanzia. Ikiwa nyuma imeachana sana, unapata mkato wenye mikwaruzo na upana usio sawa.

Fanya hivi dukani, muuzaji akitaka asitake. Hakikisha plagi haiko kwenye soketi. Pandisha bledi juu kabisa. Chagua jino moja, lipake chaki au kalamu. Zungusha bledi kwa mkono hadi jino hilo lije mbele, sogeza fensi iliguse kwa shida, kaza kitasa. Sasa zungusha jino lilelile liende nyuma. Linapaswa kuigusa fensi vilevile, au liache nafasi ya unene wa karatasi. Likiikwaruza kwa nguvu huku nyuma, fensi haiko sambamba. Legeza, sogeza, kaza, rudia mara tatu. Fensi nzuri inarudi palepale kila unapokaza. Fensi mbaya kila mara inakuja na jibu lake.

Kisha shika mwisho wake wa nyuma, uisukume pembeni kwa kidole gumba. Ikicheza, iache.

Kuna fensi zinazosogea kwa meno ya gia mbele na nyuma kwa pamoja ukizungusha kitasa kimoja, kama ile ya DeWalt DWE7485. Hizo hukaa sambamba zenyewe, na ndizo ninazozipenda kwa mashine ndogo. Zile za kutelezesha kwa mkono na kukaza mbele peke yake zinaweza kuwa nzuri pia, ila zinahitaji mtumiaji mwenye subira. Fundi mwenye wateja wanne wanaopiga simu huwa hana subira.

Kile kichuma kilichosimama nyuma ya bledi nimekitoa, kilikuwa kinanisumbua. Kuna tatizo?

Kirudishe leo. Usisubiri kesho.

Kile ni kisu cha nyuma. Ubao unapopita kwenye bledi unagawanyika, na ubao una tabia zake: mbichi unajifunga, wenye fundo unajikunja, wa mnazi unaamua wenyewe. Mkato ukijifunga nyuma ya bledi, meno ya nyuma yanashika ubao. Kumbuka meno ya mbele yanashuka kuelekea mezani, lakini ya nyuma yanapanda na kuja upande wako. Yakishika, yanaunyanyua ubao na kukurushia. Kisu cha nyuma kinauacha mkato wazi usijifunge. Kazi yake ndiyo hiyo tu.

Kwa kasi gani? Piga hesabu. Bledi ya milimita 254 ina mzingo wa karibu sentimita 80. Ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, jino linasafiri mita 64 kwa sekunde, ambayo ni takriban kilomita 230 kwa saa. Hakuna basi la Dar linalokaribia hapo, hata lile ambalo abiria wake hushuka wakimshukuru Mungu.

Mimi nilikitoa mwaka wa kwanza kwa sababu nilitaka kukata mfereji usiopenya ubao, nikawa mvivu kukirudisha. Kipande cha mkongo, upana wa vidole viwili, kiliniacha kwa sentimita chache ubavuni, kikatoboa mlango wa plaiwudi uliokuwa umeegemezwa nyuma yangu. Mlango ulikuwa wa mteja, umeshapakwa vanishi. Nilichonga kiraka, nikakiweka kwa ndani.

Mashine nyingi za sasa zina kisu kinachopanda na kushuka pamoja na bledi, na unaweza kukishusha kidogo kikawa chini ya ncha ya meno ukitaka kukata mfereji bila kukitoa kabisa. Nunua ya namna hiyo. Ile ambayo kisu kimeunganishwa na kifuniko cha juu, kwamba ukitoa kimoja umetoa vyote, mwishowe utavitoa vyote. Nakujua.

Unene wake nao una maana: kiwe kinene kuliko bamba la bledi, lakini chembamba kuliko upana wa meno. Vipimo viko kwenye kibandiko cha kisu chenyewe. Ukinunua bledi nyembamba ya bei rahisi, linganisha kwanza, kwani kisu kikiwa kinene kuliko mkato ubao utagota katikati na utadhani mota imechoka.

Nimeona video ya msumeno unaosimama ukigusa soseji. Naupata Tanga?

Huo ni SawStop, wa Marekani. Aliyeubuni ni Steve Gass, mwanasheria wa hataza aliyesomea fizikia. Bledi inapitishwa umeme mdogo sana. Ngozi ikigusa, umeme unabadilika, na bonge la alumini linarushwa kwenye meno, bledi inasimama ndani ya milisekunde chache, yaani sehemu chache za elfu za sekunde. Kidole kinatoka na mkwaruzo.

Ni jambo la ajabu, lakini sijaona ukiuzwa hapa. Kila ukifyatuka unahitaji breki mpya na mara nyingi bledi mpya. Na ubao mbichi sana unaweza kuufyatua pia, maana maji yanapitisha umeme. Mbao tunazoletewa sisi bado zinadondosha maji.

Bledi gani kwa mbao zetu?

Bledi inayokuja na mashine itumie wiki moja kujifunzia, kisha nunua mbili za maana: moja ya meno 24 kwa kuchana ubao kufuata nyuzi, nyingine ya meno 60 kwa plaiwudi na kukata kukingama. Anayetaka moja tu achukue ya 40, ajue haitakuwa bingwa popote. Meno yawe na ncha za kabaidi. Tundu la katikati lipimwe kabla, kwani mashine za Ulaya nyingi ni milimita 30, za Marekani ni takriban 16, na nyingine 25.4. Pete za kupunguzia tundu zipo madukani. Ikicheza hata kidogo, usifunge. Na kasi iliyoandikwa kwenye bledi iwe kubwa kuliko ya mashine.

Sasa mbao zenyewe, kwa sababu ushauri wa kwenye video umetolewa na watu wanaokata misonobari ya kwao.

Mtiki wa Longuza, hapo Muheza, unakatika vizuri na unanukia, lakini una silika ndani yake, yaani kama mchanga mwembamba sana. Bledi inapoteza ukali haraka kuliko unavyotegemea. Ukiona kingo za mkato zimeanza kuwa nyeusi na moshi unanukia, siyo ubao, ni meno.

Mvule una balaa la namna yake. Ndani yake huwa kuna mawe, ya kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti. Huyaoni kwa nje. Utasikia tu mlio umebadilika, tak, na ukizima unakuta jino limekatika. Ubao wa mvule nausukuma polepole na kwa bledi ya zamani. Ile nzuri naificha.

Mninga ni raha. Ingekuwa mbao zote ni mninga, makala haya yangekuwa nusu.

Mkongo ni mgumu, unataka bledi kali na subira. Mnazi kwa nje ni chuma, kwa ndani ni sifongo, na nyuzi zake zinamaliza meno. Usiukate kwa bledi unayoipenda. Paini na saipresi za Shume, Lushoto, ni laini ila zina utomvu unaoganda kwenye meno. Bledi inaonekana butu kumbe ni chafu. Itoe, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki uliokwisha, kausha vizuri. Nimeshaona watu wakitupa bledi nzima kwa sababu ya utomvu.

Bledi ipandishwe kiasi gani?

Meno yajitokeze juu ya ubao milimita tano hivi, mifereji kati ya meno iwe inapumua. Bledi iliyopanda juu kabisa kwa ubao wa inchi moja inaogopesha watoto tu.

Naweza kufunga bledi ya mbao kwenye grinda?

Hapana. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, haina kisu cha nyuma, na kifuniko chake hakikutengenezwa kwa meno. Ninawajua watu wawili mjini hapa ambao ukiwapa mkono unasalimiana na vidole vitatu. Wote walianza na "nakata kidogo tu".

Vipi nikifunga msumeno wa mkononi wa umeme chini ya meza niliyojitengenezea?

Sitajifanya mtakatifu, nilianza hivyo. Meza ya plaiwudi ya marine ya milimita 18, msumeno umegeuzwa chini, swichi imefungwa kwa kamba. Inakata. Tatizo ni lile la fensi ya ubao unaoikaza kwa klampu huku na huku kila mara, kukosekana kwa kisu cha nyuma, na swichi usiyoifikia jambo likiharibika. Kama huna njia nyingine, angalau pitisha umeme kwenye swichi kubwa iliyofungwa mbele ya meza, mahali ambapo goti linaweza kuizima. Na kamba iondoke, ile ndiyo mbaya kuliko vyote.

Nanunua iliyotumika. Nikague vipi?

Itoe plagi. Shika bledi pande mbili, uitikise mbele na nyuma: ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono usikilize. Sauti kavu ya mchanga si njema. Laza rula ya chuma juu ya meza, kona kwa kona, utazame mwanga chini yake. Pandisha na kushusha bledi mwanzo hadi mwisho, ilaze 45 uirudishe 90, weka skwea. Gia iliyojaa vumbi inasafishika, gia iliyolika hairudi tena.

Halafu washa. Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni ni kawaida. Duara la moto kuzunguka mota si kawaida. Zima, utazame inachukua muda gani kusimama na kama inayumba inapopunguza kasi.

Muulize muuzaji kifuniko na kisu cha nyuma viko wapi. Akijibu "vilikuwepo", punguza bei, maana kuvitafuta vya modeli hiyo kutakupeleka hadi Kariakoo na unaweza kurudi mikono mitupu.

Chapa gani?

Ingco na Total zimejaa madukani na vipuri vyake unavipata bila kusafiri. Makita, Bosch na DeWalt zinadumu, bei juu, na zina feki nyingi. Dalili za feki ninazoziamini: uzito mdogo kuliko ulioandikwa, kebo nyembamba isiyo na maandishi ya ukubwa wake, na herufi za kibandiko zinazotoka kwa ukucha. Kwangu mimi swali la chapa linakuja baada ya hili: kaboni zake zinauzwa Tanga? Uliza hapohapo, nunua jozi mbili siku hiyohiyo. Kaboni ikibaki milimita tano au sita, badilisha zote mbili pamoja.

Ya betri je?

Zipo, na zinakata kweli. Kwa fundi wa saiti zisizo na umeme zina maana. Kwa karakana, bei ya betri mbili kubwa inanunua mashine nyingine ya waya.

Mgosi, hewa ya bahari hapa si itaimaliza kwa kutu?

Meza ya alumini haipati kutu ya chuma, ila inafanya ukungu mweupe na ubao unaanza kukwama. Vinavyooza ni vyuma vya kupandishia bledi, skrubu na reli za fensi. Aliye Sahare au Raskazone aifunike kwa turubai la kitambaa, siyo nailoni, maana nailoni inafuga unyevu ndani. Kwenye meza na fensi paka nta, au sugua mshumaa wa kawaida kisha futa kwa tambara mpaka paonekane kama hapana kitu. Usipake grisi wala oili ya gari: inaingia kwenye ubao, na vanishi itakataa kushika. Hilo hutaliona mpaka mteja aanze kulalamika.

Vumbi lina madhara kweli, au ni maneno ya wataalamu?

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua, la mkongo linakupiga chafya hadi machozi. Barakoa ya kitambaa tuliyozoea haizuii lile vumbi laini kabisa. Tafuta ile yenye kichujio. Kuna tundu la kutolea vumbi nyuma ya mashine. Ukikosa vakyumu, hata gunia la salfeti lililofungwa kwa mpira linasaidia, na unga wa paini wanaouhitaji wafugaji wa kuku watakuja kuuchukua wenyewe. Wa mvule usiwape.

Nivae glovu?

Usivae. Glovu ikishikwa inavuta mkono mzima. Miwani vaa, na kinga ya masikio, maana mota za kaboni zina kelele kweli. Mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko, saa na bangili vitoke, mtandio uchomekwe ndani ya shati. Na Ijumaa, ukitoka msikitini, kabadilishe kanzu kwanza. "Kipande kimoja tu" cha baada ya swala nimeshakishuhudia, na aliyepona siku hiyo aliponea kwa kuwa kanzu ilikuwa kuukuu, ikachanika.

Nisimame wapi?

Kushoto kidogo ya mstari wa bledi kama fensi iko kulia. Mtu mwingine asisimame nyuma yako kupiga soga. Anayepokea mbao upande wa pili asivute, ashike tu uzito.

Mashine imeshafika. Nikate nini kwanza?

Kijiti cha kusukumia. Chukua kipande cha plaiwudi ya milimita 12, urefu wa kama sentimita 35. Chora umbo la kiatu: kisigino nyuma cha kushika ubao, unyayo mrefu wa kuukandamiza, na mpini ulioinuka ili mkono uwe juu mbali na meno. Sehemu iliyonyooka ikate kwa mashine, yenye kona kata kwa msumeno wa mkono. Lainisha mpini kwa msasa mpaka ukae kiganjani. Toboa tundu, tia kamba, ning'iniza kwenye mguu wa mashine upande wa mkono wako wa kulia. Kikikatwa na meno ya bledi, kama kitakavyokatwa, chora kingine.

Tengeneza viwili. Kimoja kitaazimwa.